Angalau milimita 3.4

Kazi yangu ni kuchapisha na kupiga fotokopi hapa Kondele, Kisumu, kwa hivyo makaratasi ya watu yanapita kwa mikono yangu kutoka asubuhi mpaka tufunge, fomu za basari, barua za chifu, mikataba ya mashamba, na ripoti za hospitali pia. Za hospitali huwa naweka tu kwa mashine bila kusoma juu hayo ni mambo ya mtu na mwili wake. Mwaka juzi mwezi wa sita binamu yangu akaingia na karatasi moja, anataka nakala tatu, nikaona jina la Senje limeandikwa juu, na hiyo niliisoma yote nikiwa nimesimama, wateja wakaningoja.

Senje ni dada mkubwa wa baba. Anauza omena soko la Luanda kule Vihiga na ndiye alinilipia karo ya kidato cha tatu na cha nne wakati mambo kwa nyumba yalikuwa magumu, kwa hivyo mkinisikia nikiongea juu ya kisigino chake kama ni changu mnielewe.

Ilianza kama tone la wino kwa kisigino cha kushoto. Hakuna aliyejali, hata yeye. Jirani akasema ni funza, wakachokora na pini hakuna kitu kikatoka ila damu kidogo. Baadaye ikawa ngumu, kwa kemisti wakamwambia ni sugu, apake mafuta fulani na akipenda aikwangue, kwa hivyo kila Jumapili kabla ya kanisa alikuwa anachukua wembe anaparura hiyo sehemu, anafunga na kitambaa, anavaa kiatu. Mwaka mmoja na nusu wa wembe. Wakati nilijua kuna kitu kwa huo mguu ilikuwa tayari inalia maji na damu, soksi inashika, na rangi imeenea imekuwa na kingo kama ramani, mahali nyeusi kabisa, mahali kahawia, na katikati pinki.

Kliniki ya kwanza walikata kijipande cha juu juu, kama mtu anayemenya viazi. Majibu yakaja kwamba ni melanoma, kansa ya zile seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, halafu pale chini kwa sehemu ya kina pameandikwa hakiwezi kupimwa, kipande hakikufika mwisho wa uvimbe. Mimi sikujua hiyo laini moja ndiyo ilikuwa muhimu kuliko ukurasa wote. Hakuna aliyetueleza. Tuliambiwa tu ni kansa, nendeni hospitali kubwa.

Kwa grupu ya familia ya WhatsApp ikawa vurugu. Mjomba mmoja akasema mtu mweusi hapati kansa ya ngozi, hiyo ni ya wazungu na watu wenye ualbino. Nataka nikae hapa kidogo kwa sababu hii imani inaua watu. Ni ukweli watu wenye ualbino wanaumizwa sana na jua na wanahitaji kofia na losheni na kuangaliwa ngozi, lakini kansa zao kwetu Afrika kwa kawaida ni za aina nyingine, melanoma kwao ni nadra. Na sisi wenye ngozi nyeusi ni ukweli pia melanoma ni nadra kwetu ukilinganisha na wazungu. Lakini ikitupata inapenda mahali hatuangalii: unyayo, kiganja, chini ya kucha. Jua halina kesi hapo, kisigino kinapata jua gani? Bob Marley iligunduliwa kwa kidole cha mguu mwaka 1977, chini ya kucha, watu wakasema ni mpira ulimuumiza, akakataa kukatwa kidole kizima, na tarehe 11 Mei 1981 akafa Miami akiwa na miaka 36, imeshafika mpaka kwa ubongo. Hapa Kisumu picha yake iko kwa kila matatu ya tatu lakini ukiuliza vijana alikufa na nini hawajui ilianzia kwa kidole.

Tulipofika hospitali kubwa tukapata daktari wa upasuaji, mama mmoja mtulivu sana, akasoma ile ripoti akauliza kitu kimoja tu, "milimita ngapi?" Mimi nikaanza kumwonyesha na vidole upana wa doa, nikamwambia kama sarafu ya shilingi ishirini. Akatingisha kichwa. Akasema upana sio unaomsumbua, anataka kujua imeingia ndani kiasi gani.

Akatueleza polepole, na Senje akaelewa kabla yangu. Ngozi ya juu kabisa haina mishipa ya damu. Seli za rangi zinakaa ndani yake chini kabisa, kama watu wamekaa kwa sakafu. Melanoma ikitambaa hapo juu tu inaweza kuwa pana na ya kutisha lakini haina njia ya kusafiri, ukiikata imeisha. Ikitoboa sakafu ikaingia ngozi ya ndani ndio inakutana na mishipa ya damu na mishipa midogo ya maji ya mwili inayoelekea kwa matezi, na hapo ina barabara. Senje akasema ni kama msumari kwa tairi ya boda, kichwa cha msumari kinaweza kuwa kikubwa na usipate pancha, na kuna kamsumari kembamba hukaoni kameshafika kwa tyubu. Daktari akamwambia ndiyo mama, ni hivyo kabisa, na nadhani kutoka hiyo siku walikuwa marafiki.

Hiyo hesabu ya kina ilianzishwa na Alexander Breslow, daktari wa patholojia Washington, 1970. Aliweka kipimo kwa maikroskopu akapima kutoka juu ya ngozi mpaka seli ya mwisho kabisa ya kansa chini, kwa milimita, na akaona zile nyembamba kuliko milimita 0.76 zilikuwa haziendi mahali. Mwaka mmoja kabla yake Wallace Clark alikuwa ameleta mtindo wa kusema kansa imefika tabaka gani la ngozi, la kwanza mpaka la tano, na mtaziona bado kwa ripoti zingine, lakini tabaka za ngozi zinatofautiana kutoka mgongo mpaka unyayo na madaktari wawili wanaweza wasikubaliane, wakati milimita ni milimita. Leo zinagawanywa hivi: mpaka milimita 1 ni T1, T ni ya tumor, yaani uvimbe, ikipita 1 mpaka 2 ni T2, ikipita 2 mpaka 4 ni T3, zaidi ya 4 ni T4. Hata ndani ya T1 wanatofautisha zilizo chini ya 0.8 na zilizofika 0.8. Yaani sehemu mbili za kumi za milimita, unene wa karatasi mbili za zile ninaweka kwa printa, zinabadilisha mpango wa matibabu ya mtu.

Kwa hivyo wakafanya ile ilipaswa kufanywa mwanzo, wakatoa uvimbe wote mpaka kwa mafuta. Ripoti ya pili ikasema angalau milimita 3.4. Hilo neno angalau niliuliza. Daktari akasema sehemu ya juu imeshapotea, ingine ilikatwa kliniki ya kwanza na ingine iliondoka na wembe, na mahali pana kidonda wanaanza kupima kutoka chini ya kidonda, kwa hivyo namba halisi ingeweza kuwa kubwa kidogo. Senje alikuwa anasikiliza. Akaangalia mikono yake akasema, "Mimi mwenyewe nilikuwa naondoa ushahidi kila Jumapili." Nilimwambia Senje hapana, uliambiwa ni sugu. Na bado nasema hivyo, mtu anayeambiwa na mwenye koti nyeupe kwamba ni sugu akaikwangua hana makosa.

Kitu cha pili kwa ripoti ni kidonda. Hii ilinichanganya kwa sababu nilidhani wanamaanisha kile tulikuwa tunaona na macho, kumbe wanaangalia kwa maikroskopu kama ngozi ya juu imeisha juu ya uvimbe, imeliwa na uvimbe wenyewe. Mtaalamu mzuri anajaribu kutofautisha na ngozi iliyotoka kwa sababu ya wembe au kiatu, na kwa mguu hiyo sio kazi rahisi. Ikiwepo, namba ya T inaongezewa herufi b, na hiyo herufi ndogo ni nzito ajabu: mtu mwenye T3b, kama Senje, anawekwa stegi ileile, yaani hatua ileile ya kansa, na mtu mwenye T4a ambaye uvimbe wake umepita milimita 4 lakini ngozi juu iko sawa. Kansa inayokula ngozi yake yenyewe inaonyesha tabia yake, ndivyo daktari alisema.

Halafu kuna mambo mengine kwa hiyo karatasi ambayo mtu anaweza kupita bila kuona. Wanahesabu seli zinazogawanyika kwa kila milimita mraba, ya Senje zilikuwa 6, na zikiwa nyingi inamaanisha inakua mbio. Zamani hiyo hesabu ilikuwa inaamua kama T1 ni a ama b, kwa mfumo mpya ulioanza kutumika 2018 haiamui tena lakini bado wanaiandika na bado ina maana. Wanaangalia kama seli za kinga za mwili zimeingia ndani ya uvimbe kupigana, zikiwa nyingi na zimesambaa vizuri ni dalili njema, ya Senje waliandika chache. Wanaangalia kama kuna visiwa vidogo vya kansa vimejitenga pembeni ya uvimbe mkubwa, hivyo vikiwepo stegi inaruka hadi ya tatu hata kama matezi ni masafi. Kwake havikuwepo, nikasoma hiyo laini mara nne. Na kuna mambo ya mtu mwenyewe, kwa ujumla wanawake huwa wanapona kuliko wanaume na vijana kuliko wazee, na ya mgongoni, kifuani ama kichwani huwa mbaya kuliko ya mkononi, lakini za unyayo na kucha zina jina baya lao peke yao. Sehemu kubwa ya hilo jina baya inatoka kwa kuchelewa, zinaonekana zikiwa nene tayari, ingawa hata ukilinganisha zenye unene sawa kuna tafiti zinaonyesha za unyayo bado ni kali zaidi. Sitaki kudanganya mtu hapo.

Baadaye ndio ikaja habari ya mtoki. Matezi ya kinena ndio kituo cha kwanza cha chochote kinachotoka mguuni, watu wa zamani walijua hivyo, ukiumia mguu mtoki unavimba. Daktari alimshika kinena hakupata kitu, ultrasaundi nayo haikupata kitu, lakini akasema seli chache hazishikiki na mkono. Kuna njia ilielezwa na daktari wa upasuaji Donald Morton na wenzake 1992, unadunga rangi ya buluu pale uvimbe ulikuwa, rangi inasafiri njia ileile kansa ingesafiri, tezi la kwanza kupokea rangi ndilo unatoa unapeleka maabara. Kama hilo la mlangoni ni safi kuna uwezekano mkubwa ya nyuma ni masafi. Hiyo hufanywa siku moja na operesheni ya kupanua, walichukua tena sentimita 2 za ngozi nzima kuzunguka kidonda na wakapachika ngozi ya paja kwa kisigino. Ng'ombe mmoja aliuzwa na tukafanya harambee mbili, moja Luanda na moja hapa Kisumu.

Siku kumi na sita tulingoja. Matezi mawili, yote masafi.

Nilikuwa nimejiandaa kuuliza kama yangekuwa machafu wangetoa mtoki wote, kwa sababu nilikuwa nimesoma. Daktari akasema zamani ndio, lakini utafiti mkubwa uliotoka 2017 ulionyesha kutoa matezi yote hakukuongeza maisha ya wagonjwa ukilinganisha na kuwafuatilia na ultrasaundi, na waliotolewa yote karibu robo yao, asilimia 24, walibaki na mkono ama mguu uliovimba, wengine ilikuwa asilimia 6. Kwa mama anayesimama soko siku nzima hiyo ni tofauti kati ya kufanya kazi na kutofanya.

Kwa hivyo Senje ni stegi ya IIB, yaani ya pili, daraja la B. Hapa sasa kila mtu anataka asilimia, na mimi nilitaka pia, nililala nazo. Kwa zile takwimu za wagonjwa zaidi ya 46,000 zilizotumika kutengeneza mfumo wa sasa, wa IIB asilimia 87 hawakuwa wameuawa na melanoma baada ya miaka 5, na miaka 10 ni 82. Stegi ya IA ni 99 na 98. Ukifika IIID, ile mbaya kuliko zote kabla ya kusambaa mbali, miaka 5 ni 32. Lakini kilichonishangaza ni hiki, IIC, yaani uvimbe mnene kupita milimita 4 wenye kidonda na matezi masafi, ni 82, na IIIA, uvimbe mwembamba ambao umefika kwa tezi kidogo sana, ni 93. Stegi ya tatu inashinda ya pili! Mtu akisikia "stegi ya tatu" analia, na kumbe hajaangalia milimita.

Na niseme pia hao 46,000 walitoka hospitali za Marekani, Ulaya na Australia, wengi wao ni wazungu na wengi uvimbe haukuwa wa unyayo. Kwa hivyo 87 sio ahadi kwa mama wa Luanda. Nilimuuliza daktari niishushe mpaka ngapi akaniambia usiishushe na usiipandishe, mlete kliniki kila miezi mitatu. Nilikasirika kidogo siku hiyo, saa hii naona alinijibu vizuri.

Dawa tuliuliza. Kuna hizi za kuamsha kinga ya mwili, ipilimumab ilikubaliwa Marekani 2011 na pembrolizumab 2014, na kwa kansa iliyosambaa zilibadilisha kila kitu. Wale waliopewa ipilimumab na nivolumab pamoja kwa utafiti mmoja mkubwa, nusu walikuwa hai baada ya miaka 5, na kabla ya hizo dawa wengi hawakuwa wanamaliza hata mwaka. Kuna vidonge vya watu ambao kansa yao ina hitilafu kwa jeni inaitwa BRAF, lakini hiyo inapatikana kwa karibu nusu ya melanoma za kawaida za ngozi na kwa za unyayo ni chache zaidi. Tangu mwisho wa 2021 Marekani wanaruhusu pembrolizumab hata kwa IIB baada ya operesheni, inapunguza kurudi. Tuliulizia bei. Binamu yangu alikuwa ameweka simu kwa spika ili sote tusikie, na baada ya yule mtu kusema hiyo namba hakuna aliyeongea mpaka Senje akasema asante, akamwambia yule mtu Mungu akubariki, akakata. Hiyo kitu inaniuma mpaka leo. Tumebaki na kufuatilia: kuangalia kovu, kuangalia ngozi kati ya kisigino na kinena kama kuna kavimbe kanatokea njiani, ultrasaundi ya mtoki, na akikohoa sana ama kuumwa kichwa asikae nyumbani.

Amemaliza mwaka mmoja na miezi kadhaa. Anachechemea kidogo, ameweka stuli ya juu pale kwa meza yake ya omena. Kliniki ni Jumatatu ijayo ndio maana leo nimetoa faili.

Na nilipokuwa naandika hapa amepiga simu, sio juu yake. Kuna mama kwa chama chao amekuwa na mstari mweusi kwa kucha ya dole gumba tangu Pasaka. Nimemuuliza maswali yale tulifunzwa, juu mistari kwa kucha kwetu ni kawaida, mtu anaweza kuwa nayo kwa vidole vingi miaka yote na haina shida. Huu ni kwa kidole kimoja tu. Umekuwa ukipanuka. Na rangi imetoka kwa kucha ikaingia ngozi ya pembeni, hiyo ni dalili ya kansa ambayo daktari Mwingereza Jonathan Hutchinson aliionya tangu 1886. Mama mwenyewe anasema alijigonga na mlango.

Senje ameshamwambia asiguse na wembe. Watakuja pamoja Jumatatu na matatu ya saa kumi na mbili kutoka Luanda, nitawangoja steji, na Senje amemwandikia kwa kikaratasi maneno ya kumwambia daktari wakitoa kipande: wafike chini kabisa, na ripoti iwe na milimita.